Sura ya Nne: Siwa ya Nyumba ya Kilwa

Ukungu ulikuwa bado haujainuka Gwakisa alipoegesha gari majanini, na kwa muda alibaki amekaa tu, hana hakika kama ameshaamka au bado yuko kitandani kwake Silver Spring. Mbele yake, kwenye shamba la kukodi lililo juu kidogo ya Germantown, palikuwa na mji wa mahema. Kulikuwa na mahema meupe na mahema ya mistari, na bendera zilizolowa umande zilining'inia kama nguo zilizosahaulika kambani. Mtu aliyevaa chuma kuanzia utosini hadi magotini alipita karibu na kioo amebeba ndoo ya maji, akamsalimia kwa kuinamisha kichwa, akapotelea ukunguni. Nyuma yake alifuata mwanamke wa Kizungu mwenye gauni la kuburura, akimbembeleza mbuzi kwa wimbo. Hakuna aliyeonekana kushangaa chochote.

"Njo hapa, papa," alisema Séraphine aliyekaa kando yake. "Njo fasi mutoto wangu anakuyaka kila week-end."

Gwakisa alikuwa mpelelezi wa polisi Mbeya, kisha Dar es Salaam, mpaka alipostaafu na kuwafuata wanawe Marekani. Sasa alikuwa na leseni ya upelelezi binafsi na chumba kimoja juu ya duka la viungo la Waethiopia. Kazi zake zilikuwa zile za kawaida: mume anayechelewa kurudi, ndugu aliyekata mawasiliano, mfanyakazi anayedai mgongo umeteguka huku Jumapili anacheza mpira Landover. Siwa hakuwahi kuitafuta. Lakini Séraphine, Mkongo wa Bukavu, alikuwa amembishia hodi asubuhi ile akiwa bado na sare yake ya kulea wazee, na kwa jinsi alivyolia ingekuwa unyama kumwambia arudi Jumatatu.

"Nieleze tena," Gwakisa alisema. "Polepole."

"Carmen haiko mwizi. Bale batu ba hema ya Kilwa balipoteza baragumu yabo, ile banaitaka jina siwa. Ilikuwa mu sanduku. Carmen alikuwa analinda hema yeye peke. Magharibi banafungua sanduku, hamuna kitu. Yule mukubwa wabo, Respicius, anasema leo, jua ikifika katikati, kama siwa haionekane, anaita polisi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Papa, mutoto anangojea interview ya uraia. Banamuandika mwizi, uraia kwisha. Na kazi kwisha. Nani ataachia mwizi amulindie mama yake muzee?"

Gwakisa aliangalia juu. Jua lilikuwa doa la njano nyuma ya ukungu, bado chini sana. Akafungua mlango wa gari.

Langoni alisimama Mwaura. Siku za kazi Mwaura alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi moja mjini Washington. Leo alikuwa amevaa shati la pete ndogondogo za chuma na ndara za ngozi, na alitazama jaketi la Gwakisa kwa masikitiko.

"Mzae, hapa ndani jaketi haiingii. Hapa tuko karne ya kumi na nne."

"Mimi nimekuja kuonana na mtu tu."

"Hata kuonana, unaonana kama mtu wa karne ya kumi na nne. Usijali, kila beginner huanza hivyo. Tuko na sanduku ya wageni."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuanza mchezo ule wa kuigiza watu wa kale, Mwaura alieleza huku akichakura sandukuni. Mgeni haambiwi anunue kitu. Anaazimwa nguo, anaazimwa chuma, anaazimwa hata kijiko, mpaka atakapojua anataka kuwa nani. Baadaye anachagua jina lake, mji wake na kazi yake, anashona nguo yake ya kwanza kwa mkono, na kutoka hapo hakuna anayemwita mgeni tena. Miwani inasamehewa, maana mtu lazima aone. Saa na simu hazisamehewi. Gwakisa akaviacha vyote viwili langoni na kuvaa kanzu iliyomfika katikati ya miguu na joho la kijani ambalo halikukutana kifuani. Tumbo lake lilikuwa la karne hii na halikutaka kurudi nyuma.

"Na hii ni nini?" Mwaura alikuwa amepapasa mfuko wa jaketi.

"Karanga."

"Karanga pia zinabaki. Karanga zilitoka huku Amerika, Kilwa hazikuwa zimefika. Kama mahindi tu. Kama nyanya, pilipili, muhogo. Mama Vaileth, mpishi wetu, akikupata nazo jikoni kwake utajuta. Carmen siku yake ya kwanza alimletea unga wa mahindi, zawadi, pakiti nzima. Mama akacheka, akaitupa chini ya meza, na haijawahi kutoka hapo."

"Sasa walikuwa wanakula nini, maskini?"

"Mtama, mzae. Sasa chagua jina."

"Gwakisa."

"Jina la karne ya kumi na nne."

"Wanyakyusa wa karne hiyo hawakuwa na akina Gwakisa?"

Mwaura alifikiri. "Hatujui."

"Basi ni Gwakisa."

Séraphine alikataa kabisa kuvaa nguo ya sandukuni. Alijifunga kitenge chake juu ya sare, Mwaura akatazama kitenge, akatazama macho yake, akampisha bila neno.

Ndani ya kambi mtu alitembea kama anayetembea katika ndoto ya mtu mwingine. Nyundo ililia mahali pasipoonekana. Moshi wa kuni ulilala chini na kupita katikati ya miguu ya watu. Wengi walikuwa Wamarekani waliojifanya mashujaa wa Ulaya, lakini upande wa mashariki, penye miti iliyogeuka rangi kwa majira ya vuli, lilisimama hema moja refu la kitambaa cha buluu, na mbele yake mkeka, mito, na bakuli za kauri. Hiyo ndiyo Nyumba ya Kilwa. Waliokaa humo walikuwa Waafrika wa Mashariki, na kila mwisho wa juma waligeuka wafanyabiashara wa pwani wa zama zile, wenye vitambaa, shanga na heshima zao.

Aliyeianzisha ni Respicius, mhandisi, mkazi wa Germantown, Mhaya wa Kamachumu. Kwa nini mtu wa migombani ajifanye bwana wa Kilwa, hakuna aliyewahi kumuuliza akapata jibu fupi. Alimpokea Gwakisa kwa kilemba cheupe na fimbo.

"Karibu, afande. Nakufahamu kwa sifa. Ila sioni unakuja kupeleleza nini, jambo liko wazi."

"Siwa ni ya nani?"

"Ya nyumba. Niliichonga mwenyewe, karakana kwangu, kwenye mti wa walnut, na mdomo wake ni shaba. Ndefu kama mkono wangu huu. Jana alasiri tulipofika nilifungua sanduku nikaiona. Nikatoka kwenda kusimamisha nguzo. Nikamweka huyu binti mgeni mlangoni alinde. Magharibi nafungua, hamna."

"Siwa ina kazi gani?"

Respicius alimtazama kama mtu aliyeulizwa kengele ya kanisa ina kazi gani. "Inafungua nyumba. Leo jua likiwa katikati napiga siwa, mbele ya kambi nzima. Ikishalia, mwenye nyumba hatoki kambini mpaka kesho jua lizame. Hata iweje. Ndiyo mila."

"Mila ya Kilwa?"

"Mila ya nyumba hii."

"Kuna mtu aliyeichukia siwa?"

Respicius alisita. "Mwaura ana maneno. Anadai siwa ya namna ile si ya karne yetu, ni ya baadaye. Tumebishana mbele za watu. Lakini Mwaura ni mtu wa siku nyingi hapa, afande. Namfahamu."

"Na huyu binti?"

"Huyu amekuja juzijuzi tu."

Gwakisa alishukuru, akazunguka nyuma ya hema. Carmen alikuwa amekaa juu ya gogo, gauni la kuazima limemfunika miguu, mama yake amesimama pembeni kama askari wa zamu. Alikuwa binti mwembamba mwenye macho yaliyovimba. Alisimama akaamkia.

"Shikamoo, uncle."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Uliingiaje kwenye mambo haya?"

"Kuna bibi mmoja namlea kazini, mtoto wake ni knight hapa. Akaniinvite nije kuangalia tu. Nikafika, mtu akanipa nguo, akaniuliza, 'Wewe ni nani?'" Alitabasamu kidogo bila kutaka. "Hakuuliza natoka wapi. You know? Kila mahali wananiuliza natoka wapi, nilikuja lini, nina karatasi gani. Hapa waliniuliza nataka kuwa nani."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema bado nafikiria."

"Jana, ulipokuwa mlangoni, nani aliingia hemani?"

"Nobody."

"Hata mtu mmoja?"

"Hata mmoja. Mama Vaileth tu, na vyungu vyake."

"Alipita mara ngapi?"

"Sijui, uncle. Kuingia na kutoka. Si ni kwake?"

"Halafu?"

Carmen alianza kuvuta uzi kwenye ukingo wa gauni. "Baba Vaileth, yaani Mzee Respicius, akafungua sanduku. Akaniangalia. Wote wakageuka wakaniangalia. Akasema, 'Tuone mkoba.' Aka-search bag yangu, in front of everybody. Vitu vyangu vyote juu ya mkeka. Siwa ndefu vile, ingeingiaje kwenye bag yangu? Hakuna mtu aliyesema hata hiyo."

Séraphine alisema kitu kwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu, chini ya pumzi, na Gwakisa hakuhitaji tafsiri.

Ukungu ulianza kuchanika. Mwanamke wa mbuzi, ambaye hakuna kilichompita kambini kwa kuwa mbuzi wake alikuwa anakwenda kila mahali, alimweleza Gwakisa kwamba asubuhi na mapema alimwona mtu mrefu sana wa shati la pete akielekea kwenye magari, amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi, na anageuka nyuma kila baada ya hatua chache. Wenye mashati ya pete walikuwa wengi. Mwenye shati la pete na urefu ule alikuwa mmoja, Mwaura.

Mwaura hakukataa kuzungumza, ila alitaka kwanza mgeni aonje mchezo. Alimfunga Gwakisa mto wa ngozi kifuani, akamvika kofia ya chuma, akagonga kofia kwa vidole kukagua, akamkabidhi upanga wa henzerani uliozungushwa utepe.

"Rule ni moja kubwa," alisema. "Si mimi nasema nimekugonga. Ni wewe. Ukifeel imeingia sawasawa, unasema 'nakiri,' unaanguka. Hakuna refa. Ukidanganya hakuna mtu atakushika, lakini hakuna mtu atacheza na wewe tena."

"Na watu wanakiri?"

"Wengi."

Gwakisa, ambaye kwa miaka yote ya kazi alikuwa amewabembeleza watu wakiri mpaka koo likamkauka, alilipenda jambo lile kuliko alivyotarajia. Mwaura alimpiga begani. Akakiri, akashuka majanini kwa uangalifu wa mtu mwenye magoti mabovu, akainuliwa. Akapigwa ubavuni. Akakiri tena. Mara ya tatu aliuinua upanga na kuuliza kutoka ndani ya chuma:

"Asubuhi ulibeba nini kwenye blanketi?"

Upanga wa Mwaura ulibaki hewani. Kisha ukashuka.

"Nakiri," alisema.

Walikwenda mpaka kwenye gari lake. Ndani ya buti, chini ya blanketi, lilikuwepo godoro la kujaza upepo limeviringishwa, na pampu yake ya umeme. Mwaura alitazama pembeni.

"Ni mgongo, mzae. Wote wanalala kwa nyasi. Mimi ndio nawaambia wageni wasilete vitu za kisasa. Please usiseme."

"Sijaona kitu," Gwakisa alisema, akalifunga buti mwenyewe. Njia hiyo ilikuwa imeishia kwenye mpira na upepo, na jua lilikuwa limepanda juu ya miti.

Kengele ndogo ililia kuita watu waje kula kidogo kabla ya saa ya siwa. Jikoni pa Nyumba ya Kilwa palikuwa chini ya turubai iliyo wazi pande zote, na mwenye jikoni alikuwa Benadetha, mke wa Respicius, ambaye kambi nzima ilimwita Mama Vaileth kwa jina la binti yao. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, mkali wa macho. Mwaka jana, watu walisimulia, alimtimua mgeni mmoja aliyejaribu kukata nyanya mezani kwake. Alipakua ugali mweusimweusi, samaki wa nazi na mchicha. Wasichana wawili wa jikoni walisambaza. Respicius hakula, alikaa mkekani na fimbo yake, anaangalia sanduku tupu.

"Leo mama ameweza," Mwaura alisema huku akifinyanga tonge. "Siku zingine hii mtama hukwama kooni mpaka uombe maji. Leo inateleza tu."

Gwakisa alikula tonge la kwanza. Akala la pili. Kisha akafumba macho, mikono juu ya tumbo, na wote waliokaa karibu wakadhani mzee ameshiba amesinzia. Hiyo ilikuwa njia yake ya kazi tangu Mbeya: kukaa mpaka watu wamsahau. Kupitia kope alimwona Mama Vaileth akienda nyuma ya turubai, akitoa simu kwenye mkunjo wa nguo, akiisoma, akiirudisha. Aliona meza ya kukatia. Aliona chini ya meza karatasi ya pakiti ya unga iliyokunjwa vizuri, tupu. Aliona pembeni mtungi mkubwa wa udongo, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa, na fundo limekazwa kama la mtu asiyetaka lifunguliwe. Wasichana wa jikoni waliukwepa kila walipopita, kama watu waliokatazwa.

Watu walipoinuka kwenda uwanjani, yeye aliinuka kwenda jikoni. Aliuegemea mtungi kwa goti. Haukusogea.

"Ugali wako mtamu, Mama Vaileth."

"Ahsante, afande."

"Nimekula ugali kabla sijaota meno. Huu ni wa mahindi."

Benadetha aliendelea kuosha mwiko.

"Umetia ulezi kidogo upate rangi," Gwakisa alisema, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Wazungu wamekula, Mwaura amekula akasifu. Unga ni ule wa Carmen, uliokaa chini ya meza. Pakiti tupu ile pale."

"Mtama uliisha."

"Mtungi umejaa. Nimeuegemea, mzito." Alionyesha mtungi kwa kidole. "Mama, mtu anayemfukuza mwenzake kwa sababu ya nyanya hapiki mahindi kwa hiari yake. Anapika mahindi kwa kuwa hawezi kufungua mtungi wa mtama mbele ya wasichana wake. Nikajiuliza humo mna nini. Nilimuuliza Carmen nani aliingia hemani, akanijibu hakuna. Nikamuuliza tena, akakutaja wewe. Binti hakudanganya mara zote mbili. Nani anamhesabu mwenye nyumba kwenye nyumba yake?"

Mwiko ulibaki ndani ya maji. Nje, uwanjani, watu walikuwa wanacheka, na sauti zao zilifika pale jikoni kwa mbali, laini, kana kwamba zimevuka maji.

"Vaileth amelazwa," Benadetha alisema. "Baltimore. Tangu Alhamisi. Mimba yake ya kwanza, presha imepanda, wanasema huenda wakamtoa mtoto kabla ya siku zake. Nikamwambia baba yake twende. Akasema, 'Mama, Jumamosi napiga siwa. Nikishaipiga sitoki. Tutakwenda Jumatatu.' Nikafikiri, kama siwa hailii, mtu hafungwi. Atakasirika, atatafuta, atachoka, tutapanda gari."

"Mbona hukwenda peke yako?"

"Vaileth hanihitaji mimi peke yangu, afande. Kila akipiga simu anauliza, baba yuko wapi? Mimi nimeshachoka kumjibu kwamba baba yuko Kilwa."

Maneno yale yalimgusa Gwakisa, na hakulificha hilo; alivua miwani akaifuta kwa ncha ya joho la watu. Lakini alipoivaa tena alikuwa amerudi kazini.

"Na binti wa watu?"

Benadetha alikaa chini, juu ya gunia. "Sikumfikiria. Mungu anisamehe, sikumfikiria kabisa. Respicius aliposema 'tuone mkoba,' nilikuwa nimesimama palepale na mwiko huu. Nikasema moyoni, sasa hivi nitasema. Kisha nikasema, acha wamalize. Kisha watu wakatawanyika, na nikaona nikisema sasa itakuwa vibaya zaidi."

"Ndivyo inavyokuwa. Kila ukingoja inakuwa vibaya zaidi." Gwakisa aliinuka, akishika magoti. "Binti yule anasubiri uraia. Polisi wakimwandika leo, hataupata, na kazi ya wazee haitamrudia. Hilo ulikuwa hulijui. Sasa unalijua."

"Utamwambia mume wangu?"

"Aliyenituma ni mama yake Carmen. Nitamwambia yeye. Lakini mimi ni mtu mzima, natembea polepole."

Na kweli alitembea polepole. Alisimama kutazama mbuzi. Alisimama kutazama kijana wa Kizungu akifundishwa kushika ngao. Jua lilikuwa limemaliza ukungu wote na kambi ikawa na rangi zake, nyekundu na dhahabu na buluu, nzuri kiasi cha kumfanya mtu asahau amefuata nini. Mbele ya hema la Kilwa watu walikuwa wamekusanyika nusu duara, wakisubiri siwa isiyokuwepo. Carmen alisimamishwa katikati. Séraphine alimshika mkono. Respicius alikuwa ameshika simu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona nacho ndani ya kambi, na kidole chake kilikuwa tayari.

"Afande, umepata lolote?" aliuliza.

"Subiri kidogo," Gwakisa alisema.

"Nimesubiri tangu jana."

"Baba Vaileth."

Benadetha alikuja kutoka jikoni, mikono imejaa unga wa mtama hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameibeba siwa kama mtu anavyobeba mtoto mchanga, na unga ulikuwa unamwagika njia nzima. Watu walimpisha.

"Niliificha mimi," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma. "Ndani ya mtungi wa mtama. Huyu mtoto hajaigusa. Nilitaka isilie, ili twende kwa Vaileth. Nilikwambia Alhamisi, nikakwambia jana. Ukasema baada ya siwa."

Respicius aliitazama siwa, akamtazama mkewe, na uso wake, uliokuwa umejiandaa kwa hasira tangu jana, haukujua uende wapi. Simu ilishuka taratibu mpaka ubavuni.

"Vaileth anasemaje?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Anauliza baba yuko wapi."

Respicius aliitia simu ndani ya joho. Kisha akageuka kwa Carmen, akanyoosha joho, akainua fimbo yake mbele ya kambi.

"Ewe binti," alianza, "sisi wa Nyumba ya Kilwa, mbele ya mashahidi hawa waungwana, tunatamka kwamba—"

"No," Carmen alisema.

Respicius akakatizwa.

"Usiniongeleshe hivyo. Jana hukuniongelesha hivyo. Jana, wakati unamwaga vitu vyangu, uliongea kama wewe."

Mwaura, kwenye safu ya mbele, aliinamisha kichwa. Respicius aliiweka fimbo chini. Alivua kilemba, na bila kilemba alikuwa mzee wa makamo mwenye upara na miwani, mtu ambaye ungekutana naye kwenye foleni ya dukani Germantown na usimkumbuke.

"Carmen," alisema. "Hakuna aliyekuona na kitu. Nilianza na wewe kwa sababu nilidhani huna mtu wa kukutetea. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nimekukosea sana. Naomba unisamehe."

Benadetha alikuwa ameshatoa funguo za gari, lakini hakumwambia twende. Wote walisubiri. Carmen alimtazama Respicius, kisha akawatazama wale wengine, mmoja mmoja, wale waliokuwa wamesimama jana kuuzunguka mkeka.

"Nimesikia," alisema.

Respicius alingoja neno la pili. Séraphine alimvuta binti yake mkono kwa upole. "Sema umemusamehe, mama," alimnong'oneza. "Batu banangojea."

"Leo hapana, maman," Carmen alisema, na hakushusha sauti.